Kumi na Nne Ni Nani

Kwenye ofisi ya Bima ya Umma, dirisha la tatu, alikaa mwanamke ambaye foleni nzima ilimwita Bi Nyaraka. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hujamaliza hata kumwamkia, yeye ameshauliza, "Nyaraka zako ziko wapi?" Ukiwa nazo, ulihudumiwa chapuchapu na tabasamu juu. Ukiwa huna, hata ungelia machozi ya damu, angekutazama kwa huruma ya kweli kabisa, kisha akakwambia uende ukazilete. Nasema huruma ya kweli kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Ila aliamini karatasi kuliko macho yake mwenyewe, na watu wa namna hiyo ndio tunaopenda kuwakabidhi mihuri.

Mwaka huo ulishuka waraka mpya kutoka makao makuu. Bima ya Umma, ambayo tangu ianzishwe ilimtibu kila aliyeandikishwa, sasa ingekuwa ya raia na ya wageni wenye vibali tu. Kwenye kompyuta kila mwanachama alikuwa na kisanduku cha ukaazi chenye tarakimu moja. Moja ni raia. Mbili ni mgeni mwenye kibali. Tatu ni mgeni asiye na kibali. Wenye tatu walianza kuzimiwa kadi fungu kwa fungu, kila Jumatano. Mgonjwa akifika hospitali na kadi iliyozimwa, mashine inawaka taa nyekundu na kutema kikaratasi: jina, sababu, na chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kukodolea macho, namba ya mtumishi aliyeingiza taarifa hizo. Anayetaka kufunguliwa alete barua ya Uhamiaji inayothibitisha kwamba yeye si mgeni.

Jumanne moja asubuhi alirudi fundi mwashi. Alikuwa ameshakuja Ijumaa na Jumatatu, mtu wa makamo, mpole, saruji imemganda kwenye kucha. Mke wake alikuwa mgonjwa wa figo, anayesafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi, na ameshakosa mara mbili.

"Nimerudi tena, dada," alisema. "Uhamiaji wamenifukuza."

"Wamekufukuza, au wamekwambia ulete nyaraka?"

"Wamecheka. Wanasema wao wana mafaili ya wageni. Mke wangu hana faili kwao, kwa hiyo si mgeni, kwa hiyo hawamjui, kwa hiyo hawawezi kumwandikia barua."

"Basi wakupe barua inayosema hivyo hivyo."

"Wanasema barua ya namna hiyo haipo."

Mtu mmoja kwenye foleni akadakia, "Mpeleke kwanza akawe mgeni, halafu umrudishe!" Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka kidogo, kwa adabu, kisha akafungua mfuko wa plastiki na kupanga vitu vyake juu ya kaunta: cheti cha shule ya msingi cha mkewe, kadi za kliniki za watoto wao watatu, na picha ya darasa ambamo msichana wa mstari wa mbele alikuwa amezungushiwa duara kwa kalamu. Bi Nyaraka alivitazama vyote, hata picha. Kisha akavisukuma taratibu kurudi upande wa fundi, maana hakuna hata kimoja kilichotajwa kwenye waraka.

"Sawa," fundi alisema. "Basi niambie kitu kimoja tu. Huyu kumi na nne ni nani?"

"Kumi na nne gani?"

Aliweka kidole chini ya kile kikaratasi. "Hapa. Aliyeingiza taarifa: kumi na nne. Sina ubaya naye, dada. Nataka nikae naye uso kwa uso, aniambie alijuaje. Mimi nimeishi na yule mwanamke miaka ishirini na sita, sijawahi kugundua kwamba ni mgeni. Yeye alijuaje?"

"Hizo ni namba za zamani, kaka. Za vibarua waliopita hapa. Mimi mwenyewe ni mia mbili na nane, ona." Alimwonyesha kitambulisho kilichoning'inia shingoni. "Huyo ameshaondoka siku nyingi."

Alisema hivyo bila kupepesa jicho, na hakuwa anadanganya, maana ndivyo alivyojua. Akamwambia fundi arudi Ijumaa, atakuwa ameongea na mkuu wa kitengo. Fundi akashukuru. Huyo ndiye mtu niliyemhurumia zaidi katika habari hii, kwa sababu kila alipopigwa kalenda alishukuru.

Alhamisi, saa nne asubuhi, simu ya Bi Nyaraka iliita. Alikuwa muuguzi wa kitengo cha figo.

"Njoo umchukue mama," alisema muuguzi. "Kadi yake imekataa."

Kwanza alicheka. Alidhani mashine zimeharibika, kama kawaida. Mama yake alikuwa na miaka sabini na moja, na thelathini kati ya hiyo aliwapikia wanafunzi wa shule ya bweni, mpaka wengine sasa ni madaktari kwenye hospitali hiyo hiyo. Miaka miwili sasa alikuwa akisafishwa damu Jumatatu na Alhamisi, na ndiye aliyekichangamsha chumba kile kwa maneno yake. Figo zilishachoka, mdomo ulikuwa bado kijana.

Alimkuta amekaa kwenye benchi la korido, kanga begani, mkoba mapajani, miguu imevimba imejaa viatu.

"Haya, afisa wangu," mama alisema. "Nimeambiwa mimi mgeni. Unajua ni mgeni wa kutoka wapi, ili nijue pa kurudi?"

Bi Nyaraka alimpokonya muuguzi kile kikaratasi. Jina la mama yake, herufi kwa herufi. Sababu: mgeni asiye na kibali. Aliisoma mara ya kwanza, akasoma ya pili, na ya tatu midomo ikawa inacheza bila sauti. Maneno hayo aliyasoma kila siku kwenye karatasi za watu wengine, akayatamka mbele yao kwa sauti yake ya kazini, na hakuna hata siku moja yaliyowahi kumgusa ngozi.

"Mama, ile fomu ya bima uliijazaje?"

"Ile ya zamani? Nilijaza yote niliyoyajua. Ila pale wanapouliza mahali pa kuzaliwa niliacha. Mimi nilizaliwa njiani, bibi yako akienda sokoni na kapu lake kichwani. Sasa niandike nini? Njiani?"

"Ungeandika hata jina la soko!"

"Hakufika sokoni, mwanangu. Ndiyo maana nilizaliwa njiani." Mama alicheka, kisha akapumua kwa shida. "Na jirani yangu wa kiti cha dirishani naye ndiyo hivyo hivyo. Tangu Alhamisi iliyopita hajaonekana. Walimwambia mgeni. Mgeni gani yule, anatukana kama mimi! Mumewe fundi, mwanamume mpole kweli, anakuja kumchukua mikono imejaa saruji. Hebu nawe mtazame huko kwenu."

Bi Nyaraka alikitazama kile kikaratasi chini kabisa, kwenye maandishi ya kukodolea macho. Aliyeingiza taarifa: 14.

"Huyu kumi na nne," alisema, na sauti ilikuwa imeshabadilika, "nikimtia mikononi, atanitambua."

Alikwenda Uhamiaji kwanza, maana ndivyo waraka ulivyosema, na yeye alikuwa mtu wa waraka. Kijana wa pale alimsikiliza vizuri tu. "Mama yako hayumo kwenye mafaili yetu," alisema. "Hongera, si mgeni."

"Basi niandikie."

"Niandike nini? Siwezi kumthibitisha mtu nisiyekuwa na faili lake."

Bi Nyaraka alifungua mdomo amwambie kwamba huo ni upuuzi mtupu, kwamba wanawapiga watu danadana mpaka wanakufa. Hapo hapo akakumbuka sauti yake mwenyewe Jumanne: basi wakupe barua inayosema hivyo hivyo. Alitoka bila kuaga.

Mkuu wa kitengo alikuwa mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Watumishi walimwita Mzee Baadaye, kwa sababu ya neno lake la "tutarekebisha baadaye," ambalo lilitatua kila kitu ofisini pale, kuanzia bomba linalovuja mpaka likizo za watu. Bi Nyaraka aliingia bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kumwekea kikaratasi mezani.

"Nataka kumi na nne, mzee. Nataka jina lake na anakokaa. Amemwandika mama yangu mgeni, na mke wa yule fundi pia, na Mungu anajua nani mwingine. Nataka nimshike koo."

Mzee Baadaye alivua miwani. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayengoja mwenzake amalize utani.

"Unasema kweli hukumbuki?"

"Nikumbuke nini?"

Mzee aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. "Mwaka ule tulipokuwa tunahamisha mafaili kwenda kwenye kompyuta. Kule ghala la nyuma. Mlikuwa vijana ishirini, mkataba wa miezi mitatu, mashine ishirini, kila mmoja na namba ya mashine yake. Wewe ulikaa kwenye ile pembe ya dirisha lililovunjika, sweta la njano hulivui." Alikohoa. "Kumi na nne ni wewe."

Bi Nyaraka alitaka kukataa, na neno la kukataa halikuja, kwa sababu sweta lilikuja kwanza. Sweta la njano, upepo wa dirisha lile shingoni, vumbi la mafaili lililowafanya wapige chafya kutwa nzima. Na kisanduku. Kisanduku cha ukaazi, ambacho mashine haikukubali kiachwe kitupu. Ukiweka moja, ilidai mahali pa kuzaliwa na namba ya kitambulisho. Ukiweka mbili, ilidai namba ya kibali. Na fomu za zamani nyingi zilikuwa na mapengo, watu walijaza walichokijua. Ni tatu peke yake iliyopita bila kuuliza kitu.

Walikuwa wamenyoosha mikono kuuliza, vijana wote ishirini. Na Mzee Baadaye, wakati huo hajawa mzee, alisimama mlangoni akasema, "Wekeni tatu, mradi ipite. Tutarekebisha baadaye." Walishangilia. Kazi ilianza kwenda kama maji. Kumi na nne ndiye aliyeongoza, fomu mia mbili kwa siku, majina hayasomi tena, macho kwenye visanduku tu. Alipewa cheti cha mfanyakazi hodari. Mama yake alikitia kwenye fremu, na mpaka leo kimetundikwa sebuleni kwake, juu ya redio.

"Mama yangu," alisema. Ilikuwa sauti ya mtoto. "Nilimwandika kwa mkono wangu."

"Wakati ule haikuwa na maana yoyote," Mzee Baadaye alisema. "Moja, mbili, tatu, wote walitibiwa. Nani angejua utakuja waraka?"

"Ni wangapi?"

"Usiulize."

"Mzee, ni wangapi wenye tatu ya kumi na nne?"

Alimgeuzia kioo cha kompyuta. Elfu tatu na mia moja na kitu. Bi Nyaraka alilazimika kukaa. Watu elfu tatu, na kati yao wangapi alikuwa amewatazama kwa huruma ya kweli na kuwatuma Uhamiaji?

Mzee Baadaye aliandika nywila yake ya mkuu, ambayo mashine haiiulizi kitu, akabofya mara tatu, akaweka moja mahali pa tatu. "Basi. Mama yako kadi yake imefunguka. Mpigie muuguzi."

Mara tatu. Haikuchukua hata muda wa kumenya chungwa.

"Na mke wa fundi."

"Kesho."

"Mzee, ni kubofya tu!"

"Kila marekebisho yanaonekana makao makuu. Moja nitasema nilikosea kidole. Mawili siku moja wataniuliza, wakiniuliza watafungua ghala lote, na tutalala ndani mimi na wewe. Kesho asubuhi namrekebisha huyo fundi wako. Halafu wengine taratibu. Baadaye."

Ningependa kuwaambia kwamba aligonga meza. Hakugonga. Alifikiria miguu ya mama yake iliyojaa viatu, akasema, "Asante, mzee," akatoka kwenda kupiga simu. Simlaumu sana, na simsamehe pia.

Saa nane mchana mama alikuwa kwenye kiti chake, mirija mkononi, damu yake inazunguka kwenye mashine. Bi Nyaraka alikaa pembeni kwenye kiti cha dirishani, ambacho hakikuwa na mtu.

"Nani alikuwa amekosea?" mama aliuliza.

"Watu wa kompyuta."

"Wapumbavu. Na jirani yangu?"

"Kesho asubuhi, mama. Nimeshamsemea."

"Kwa nini kesho? Mimi umenishughulikia leo."

Bi Nyaraka alimvuta kanga begani vizuri, ingawa ilikuwa imekaa vizuri. Kisha akasema kwamba daktari amekataza aongee sana, jambo ambalo daktari hakulisema.

Ijumaa aliwahi ofisini kuliko mfagiaji. Mzee Baadaye alipofika alimkuta amesimama mlangoni kwake, na kabla hajakaa alisimamiwa mpaka akabofya mara tatu. Bi Nyaraka aliiona tarakimu ikigeuka kwa macho yake. Moja. Raia. Alichapisha karatasi ya uthibitisho, akaipiga muhuri mara mbili, na kuiweka mbele yake tayari. Kwa mara ya kwanza tangu jana alihisi pumzi inafika chini. Alijipangia kabisa: huyu kwanza, kisha wawili kila siku, atamsumbua mzee mpaka aone kheri kustaafu mapema.

Saa tatu alimwona fundi mwishoni mwa foleni. Alisimama, akampungia mkono kwa nguvu.

"Kaka! Kaka fundi, njoo huku, mpisheni huyo!"

Foleni ikanung'unika, ikampisha. Fundi akaja polepole. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kucha zake siku hiyo zilikuwa safi. Bi Nyaraka hakuona hayo. Alikuwa anamsukumia karatasi kwenye tundu la kioo, akitabasamu mpaka magego.

"Imefunguka! Kadi ya mkeo imefunguka. Mpeleke sasa hivi, wala usingoje Jumatatu, watampokea. Nimeshughulikia mwenyewe."

Fundi aliitazama karatasi ile, mihuri yake miwili. Hakuishika. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kadi ya mkewe na kuiweka juu yake.

"Nimeambiwa kadi ya marehemu inarudishwa hapa," alisema.

Bi Nyaraka alisikia maneno yale, lakini yaligoma kuingia. Tabasamu lake lilibaki usoni muda mrefu kuliko ilivyofaa, kwa sababu alisahau kuliondoa.

"Lini?" aliuliza mwishowe.

"Jana. Saa tisa alasiri. Moyo ulisimama tu. Tulikuwa tunaongea habari za paa."

Jana saa tisa. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu, akimvuta mama yake kanga. Alitaka kusema pole, neno dogo kama lile, akajikuta anasoma jina kwenye kadi. Nyuma yake alisikia mlango wa Mzee Baadaye ukifunguka, na mzee mwenyewe akikohoa, kikohozi kile cha kumwonya mtu.

"Sikuja kugombana," fundi alisema. "Nyinyi mlinipokea vizuri siku zote. Wewe hasa, dada. Ila uliniambia nirudi Ijumaa, utakuwa umeuliza. Ndiyo nimekuja. Uliuliza?"

"Niliuliza."

"Kumi na nne ni nani?"

Mzee Baadaye alikohoa tena, kwa nguvu zaidi. "Kaka, hayo tutayaangalia baadaye," alisema kutoka mlangoni. "Kwanza pole kwa msiba."

Bi Nyaraka hakugeuka. Aliinuka kwenye kiti chake, maana aliona si heshima kulisema hilo amekaa.

"Ni mimi," alisema.

Fundi alimtazama usoni, akatazama kile kitambulisho chake cha mia mbili na nane, kisha akarudi tena usoni. Hakukunja ngumi wala hakupaza sauti. Aliinama karibu na tundu la kioo, kama mtu anayetaka kuelewa jambo moja tu kabla hajaondoka.

"Sasa ulijuaje?"

"Sikujua," alisema Bi Nyaraka. "Kisanduku kilikuwa kitupu."

Nyuma ya fundi, kwenye foleni, watu walianza kutoa vikaratasi vyao na kusoma chini kabisa.